Madirisha Kumi na Manne ya Bi Mahfudha

Sehemu ya Saba

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama ndani ya nyumba ya watu Msasani, tindo mkononi, na mwenye nyumba ameketi ndani ya dirisha nililotumwa kuling'oa.

Kwa ambaye hakulipata gazeti lile, nitasema kwa ufupi. Mimi ni Gozbert, seremala, mtu wa Bukoba. Nilifika Dar es Salaam nikaibiwa sanduku la vifaa Gongo la Mboto, nikaugua miezi miwili, nikafukuzwa kazi ya kwanza. Mwisho shemeji yangu Benedikto, kaka wa mke wangu, akanipa chumba nyumbani kwake Kinondoni. Akaniingiza pia katika kampuni ya ujenzi ambako yeye alikuwa mnyapara. Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne.

Lakini liko jambo moja nililolificha katika sehemu zote sita zilizopita. Leo nalitoa, maana bila hilo hamtaelewa yaliyonipata baadaye.

Ile karatasi iliyosema madirisha yote kumi na manne ya nyumba ile yameoza, kwamba yang'olewe yawekwe ya chuma na vioo, aliyeitia sahihi ni mimi. Niliitia ofisini, juu ya meza ya Benedikto, kabla sijakanyaga Msasani hata mara moja.

Sikushikiwa panga. Aliniambia tu, "Shemeji, andika jina lako hapo," nikaandika.

Sasa turudi dirishani.

Kuta za nyumba ile zilikuwa za mawe na chokaa, nene hata mtu mzima akikaa ndani ya dirisha anaweza kunyoosha miguu. Bi Mahfudha alikuwa amekaa humo na kikombe chake cha kahawa, kanga mabegani, kama mtu anayengoja mgeni. Alikuwa mama wa miaka sitini na ushei, mwembamba, sauti yake ya chini lakini haikurudia neno mara mbili.

"Bibi, naomba ushuke," nilimwambia. "Nitakuumiza."

"Ng'oa na mie nimo."

"Mimi nimetumwa tu, bibi."

"Aliyekutuma namjua, alishakuja hapa. Mie nakuuliza jingine. Nani aliyesema madirisha yangu yameoza?"

Nikaigeuza tindo mkononi.

"Nimesomewa karatasi," akaendelea. "Imeandikwa fundi Gozbert. Huyo Gozbert ni nani? Mie sitoki humu ndani tangu mwezi wa Ramadhani. Hakuna fundi aliyekuja kugonga hata ubao mmoja. Ameona kwa macho gani?"

Ningeweza kusema simjui. Mafundi tulikuwa wengi, na yeye hakuwa akijua kuwa jina hilo ni langu. Ulimi ulikwisha jiandaa kusema hivyo. Kisha nikamtazama alivyokaa, mgongo wima, hana hata fimbo ya kujikingia, nikaona haya.

"Gozbert ni mimi," nikasema.

Hakushtuka. Alikunywa kahawa yake mpaka tone la mwisho, akaweka kikombe kando.

"Haya. Angalau leo umekuja. Yapime."

"Bibi, kazi niliyopewa ni kuyang'oa."

"Yapime kwanza. Yakiwa yameoza, nitashuka mwenyewe na nitakushikia ngazi."

Nikaweka tindo chini.

Dirisha huozea chini, pale maji ya mvua yanapotulia kwenye kona za fremu. Hapo ndipo fundi anapoanzia. Nikatoa kisu chembamba, nikakisukuma kwenye kona. Mbao iliyooza hupokea kisu kama mkate. Hii ilikikataa. Nikasukuma kwa nguvu ya kiganja, kisu kikapinda.

Nikageuza nyundo, nikagonga kwa mpini toka juu hadi chini, sikio karibu. Mlio ulikuwa mmoja, mkavu, mahali pote. Nikakwangua rangi ya kijani, nikakuta rangi nyingine chini yake, na nyingine tena, kisha mbao yenyewe. Ilikuwa msaji, mbao ya mafuta, ambayo mchwa huionja mara moja akahama.

"Limeoza?" Bi Mahfudha akauliza.

"Hapana, bibi."

"Nenda la pili."

La pili zima. La tatu bawaba moja imeliwa na kutu, kazi ya asubuhi moja. La nne zima. La tano vibao viwili vya kupitisha upepo vimepasuka. Kila nilipomaliza moja aliniuliza swali lile lile, na kila nilipojibu nilijisikia nimevuliwa nguo moja zaidi.

Tulipanda juu. Huko upepo wa bahari ulikuwa umekula rangi mpaka mbao ikawa ya kijivu, na mtu asiyejua angesema imekufa. Nikapiga randa mara mbili mahali pamoja tu. Ikatokea rangi ya asali, na harufu yake ikajaa chumba.

Nilikuwa sijashika mbao kama ile tangu nilipojifunza kazi. Na mimi ndiye niliyeandika imeoza.

La mwisho la huko juu halikuwepo. Palikuwa na tundu limezibwa kwa gunia.

"Hili je?"

"Mnyapara wenu alilichukua wiki iliyopita, fremu na milango yake," akasema. "Alisema analipeleka ofisini likaonekane. Hukuliona?"

Sikuwa nimeliona. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja. Dirisha zima lisingeweza kujificha mle.

Tukashuka jikoni. Dirisha la jikoni lilikuwa dogo. Nikasukuma kisu, kikazama mpaka mpini.

Hapo nilisita. Mama wa watu amenisimamia asubuhi nzima, ningeweza kulipita nikasema zima. Lakini uongo wangu mmoja ulikwisha tosha.

"Hili limeoza, bibi. Hili ni kweli."

"Hilo najua." Kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. "Hilo alilichonga marehemu mume wangu. Alikuwa muuza nguo, siku moja akajiona fundi. Mbao ya mwembe. Nilimwambia siku ile ile, akaninunia wiki nzima."

Nikacheka. Nilikuwa bado nacheka niliposikia lori linasimama nje.

Walishuka wawili, dereva akabaki kwenye usukani. Mbele alikuwa Benedikto na kofia yake ya mnyapara. Nyuma yake mtu mzima wa kanzu na koti, ambaye nilikuja kujua kuwa ni Abdulsamad, mdogo wake Bi Mahfudha, mwenye duka Temeke. Nyumba ilikuwa yao wote wawili, waliachiwa na baba yao Mzee Matar. Na Mzee Matar aliacha wasia kwamba kitu chochote cha nyumba ile kisiondolewe mpaka fundi aseme kimeoza.

Ndiyo maana sahihi yangu ilitakiwa.

"Shemeji, hata moja hujang'oa?" Benedikto akauliza.

"Hata moja."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nayapima."

Akanitazama kama mtu aliyesikia mbuzi wake anasoma. Kisha akacheka kwa ajili ya Abdulsamad. "Mafundi wa bara hawa, waangalifu mno. Bwana Abdulsamad, twende nikuonyeshe vyuma vyenyewe vitakavyowekwa."

"Dada, shikamoo," Abdulsamad alimwambia Bi Mahfudha.

"Marahaba. Umekuja kunivunjia nyumba mchana kweupe?"

"Dada, madirisha yameoza. Nataka vioo nipangishe huku juu, sote tupate. Karatasi unayo. Mie ningefanya nini, nibishane na fundi?"

"Fundi huyo hapo. Muulize."

Wote wakanigeukia.

Benedikto hakupaza sauti. Alinikaribia, akanishika bega kindugu. "Shemeji, waambie bwana na bibi ulichoandika."

Nilitazama nje. Nyuma ya lori palipangwa makasha ya mbao, mapya, na magunia ya unga wa mbao. Kifuniko cha kasha moja kilikuwa wazi, ndani kumetandikwa majani makavu. Ubavuni mwa kila kasha palipakwa maandishi meusi: jina la Mzungu mmoja, na chini yake jina la mji wa kwao.

Nikaelewa. Nimeng'oa mbao mbovu nyingi maishani, na zote zilikwenda jalalani au jikoni. Sijaona mbao iliyooza ikitandikiwa kitanda.

"Bwana Abdulsamad," nikasema, "kabla sijajibu, hebu tazama nyuma ya lori."

Mkono wa Benedikto ukanikaza bega. Abdulsamad akatoka. Tulimwona akizunguka lori, akaingiza mkono kwenye kasha, akatoa majani, akayatazama. Akasoma maandishi. Aliporudi uso wake ulikuwa umebadilika.

"Mbao zilizooza zinafungwa kama mayai?" akamwuliza Benedikto.

"Bwana, hayo ni makasha ya kazi nyingine."

"Yako kumi na matatu. Nimeyahesabu. Kazi hiyo nyingine nayo ina madirisha kumi na matatu?"

Benedikto akanitupia mimi mzigo. "Mimi si fundi. Mimi nilikwenda kwa neno la fundi, na neno lake liko kwenye karatasi. Shemeji, sema."

Nikasema.

"Kumi na mawili ni mazima. La jikoni limeoza, nalo linahitaji fremu mpya tu. La kumi na nne unalo wewe. Na ile sahihi niliitia sijayaona."

Kisha Benedikto akaniuliza pole pole, kama anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Gozbert, wewe unalala wapi?"

"Kwako."

"Mkeo anapikia wapi?"

"Kwako."

"Mtoto wako alipougua homa, nani alimbeba kumpeleka hospitali?"

"Wewe, shemeji. Sijasahau."

"Basi rudia ulichosema. Taratibu, ili tusikie vizuri."

Nadhani aliamini kabisa nitameza maneno yangu. Nilikuwa nikiyameza mwaka mzima, na yeye alikuwa akinitazama nikiyameza.

"Kumi na mawili ni mazima," nikarudia. "La jikoni limeoza. La kumi na nne unalo wewe. Na sahihi niliitia sijayaona."

Akaondoa mkono begani mwangu.

Msidhani Abdulsamad alinikumbatia. Alinijia juu. "Kwa hiyo nikuiteje? Wewe ni mwongo wa jana au mwongo wa leo?"

"Wa jana, bwana."

"Nitajuaje?"

"Chukua kisu hiki ukasukume mwenyewe."

Alikichukua. Alikwenda dirisha moja, la pili, la tatu, anasukuma kwa hasira mpaka vidole vikamwuma. Aliporudi hakunirudishia kisu mkononi, alikiweka juu ya meza.

"Andika," akasema. "Dirisha moja moja."

Bi Mahfudha akaleta ile ile karatasi, akaigeuza nyuma. Nikaandika yote, la kwanza mpaka la kumi na tatu, na bawaba yenye kutu, na vibao viwili vilivyopasuka, na ubovu wa jikoni. Chini nikaandika kwamba maneno ya upande wa pili ni ya uongo na aliyeyathibitisha ni mimi. Nikaweka jina.

Bi Mahfudha hakujua herufi hizi za Kizungu, lakini alitazama mkono wangu mpaka ulipotulia. "Sasa hii ndiyo sahihi," akasema.

"Na la kumi na nne?" Abdulsamad akauliza.

"Liko stoo ya kampuni," Benedikto akajibu.

"Lirudi leo hii kabla ya magharibi. Lisiporudi nakwenda polisi."

"Ukataje jina la nani?" Benedikto akauliza, na nikaona ametulia tena. "Karatasi zote zina jina moja tu, bwana. Mbele na nyuma."

Akapanda lori. Likaondoka na makasha yake matupu.

Abdulsamad akaniangalia kwa muda. "Amesema kweli," akaniambia. "Mie sina jina jingine la kupeleka."

"Basi peleka langu," nikamjibu. "Lakini na mimi nitasema la kwangu huko huko."

Nilitembea kwa miguu toka Msasani hadi Kinondoni. Jua lilikuwa kali na sikuwa nimekula, ila nitawaambia jambo la ajabu: sikuchoka. Kazi imekwenda, chumba kimekwenda, ukwe umekwenda, nami nilikuwa natembea kama mtu aliyetoka kunyolewa.

Kilichokuwa kinanikera ni kimoja. Benedikto ni kaka yake mke wangu Kokuberwa, tumbo moja. Nilipanga njia nzima namna ya kumwambia. Niliona heri anikasirikie leo kuliko kunidharau kesho.

Nilimkuta amesimama mlangoni mwa chumba chetu, mtoto wetu Apolonia amelala mgongoni, mikono ameikunja. Sufuria ilikuwa imeipuliwa na moto umezimwa. Hiyo haikuwa kawaida yake.

"Mama Apolonia, nina neno," nikaanza.

"Mimi ninalo la haraka zaidi. Ingia."

Nikaingia. Akafunga mlango, akavuta mkeka uliofunika kitu kati ya kitanda na ukuta.

Lilikuwa dirisha. Fremu na milango yake miwili, rangi ya kijani imebanduka kwa upepo wa bahari, chini yake mbao ya kijivu. Sikuhitaji kugonga.

"Nani amelileta?"

"Kaka, yeye na dereva. Hawajamaliza nusu saa. Kasema wewe ndiye uliyemtuma, nilifiche na nisimwambie mtu."

"Ukasemaje?"

"Nilimwuliza, kama ni la Baba Apolonia, mbona linapita mlango wa nyuma? Akageuka akatoka. Nikamfuata mpaka nje. Nikamsikia anamwambia dereva, sasa twende kituoni, kwa polisi."

Nikakaa kitandani. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nimeoa katika nguo ile ile.

Nikamweleza yote. Sahihi ya ofisini, kisu, makasha, karatasi iliyoandikwa pande zote mbili. Sikujipunguzia. Alisikiliza akiwa amesimama, anamtikisa mtoto kidogo kidogo.

"Ulitia sahihi hujaona," akasema.

"Ndiyo."

"Na leo umesema, mbele yake?"

"Mara mbili."

Nilijua anapima kitu, na kwamba upande mmoja wa mzani yumo kaka yake aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Sikumwomba achague upande wangu. Ningekuwa na uso gani?

"Tunaweza kulitupa shimoni huko nyuma," nikasema. "Au tulipasue kuni. Dakika kumi tu."

"Ni zima au limeoza?"

"Zima kabisa."

"Basi hatupasui kitu kizima kwa sababu ya mtu mwongo." Akakaza kanga iliyombeba mtoto. "Msasani ni mbali?"

"Mwendo wa saa moja. Na mzigo, saa moja na nusu."

"Kulifunika tusilifunike. Tukilifunika tumeliiba."

Mke wangu hakusoma hata darasa moja. Lakini neno hilo sijalisikia kwa wakili yeyote niliyekutana naye baadaye, na nilikutana nao wengi, kama mtakavyoona.

Nikafungua mlango wa mbele. Akashika upande mmoja, mimi wa pili. Msaji ni mzito. Tulipiga hatua tatu tukaweka chini, tukabadili mikono, tukanyanyua tena. Majirani wakatoka. Mama mmoja muuza maandazi akauliza, "Mnahama?"

"Tunarudisha mali ya watu," Kokuberwa akajibu kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. "Ya Bi Mahfudha wa Msasani. Mkiulizwa semeni mmeona."

Watu wakaanza kutufuata. Kwanza watatu, kisha kumi, kisha sikuhesabu.

Tulifika kwenye kona ya barabara kuu. Lori la kampuni lilikuwa limesimama pale, injini inaunguruma. Benedikto alikuwa chini, kofia mkononi. Pembeni yake askari wawili, na wa tatu, ofisa wa Kizungu, alikuwa anaandika kwenye kitabu kidogo.

Benedikto akatunyooshea kidole. Kisha akaona nani ameshika upande wa pili, mkono wake ukabaki hewani.

"Koku," akaita. "Weka chini, uondoke hapo. Wewe humo."

Nilimwangalia mke wangu. Nilikuwa tayari kumwambia aweke, na Mungu ni shahidi, nisingemlaumu.

"Nimo, kaka," akasema.

Yule ofisa akafunga kitabu chake, akanyanyua mkono kutuamuru tusimame. Askari wakashuka barabarani, pingu zikilia viunoni.

Hatukusimama.